Ukitokea Wapi?

Bodaboda anayeleta mzigo Dandora, Nairobi, haji na anwani. Ana namba ya simu tu. Anafika steji, anazima pikipiki, anapiga.

"Mathe, nimefika Phase 4. Sasa nikuje wapi?"

"Karibu, mwanangu. Uko upande gani?"

"Niko tu hapa steji."

"Umeangalia wapi? Kama unaangalia kule magari yanaenda tao, ingia kushoto. Utapita kinyozi, utapita mama wa mboga, halafu geti ya pili. Ile nyeusi."

"Lakini mimi nimetokea upande ule mwingine."

"Aa, basi kwako hiyo ni kulia."

Hakuna alilosema mama huyu ambalo si kweli. Kinyozi yupo, mboga zimepangwa, geti lipo na ni jeusi. Ila maelezo yote hayo, pamoja na ukweli wake, hayakuwa yamefika popote mpaka lilipojibiwa swali la kijana ametokea wapi na ametazama wapi. Na swali hilo mama alilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana kabla ya kumwelekeza alimuuliza yuko upande gani.

Kompyuta nayo ina tabia hiyo hiyo, na wanaoandika programu wanaijua vizuri. Faili huweza kutajwa kwa njia mbili. Unaweza kuanzia kwenye mzizi wa diski na kushuka folda kwa folda mpaka uifikie. Au unaweza kuanzia pale ulipo: ingia folda ya picha, chukua hii, rudi nyuma hatua moja, yaani andika vitone viwili na mkwaju, kisha ingia folda ya jirani. Njia hii ya pili, tuiite njia tegemezi, ndiyo inayopendwa na watengenezaji wa tovuti, kwa sababu ni fupi na kwa sababu haivunjiki folda nzima ikihamishwa. Shida huanza pale faili hiyo inapotakiwa kutajwa kwa mtu wa mbali, ambaye hayuko ndani ya folda yako wala hajui umesimama wapi. Hapo njia fupi ni lazima igeuzwe kuwa anwani kamili, ile inayoanza na `https` au, kwa faili iliyo kwenye mashine yako mwenyewe, `file`.

Lugha ya Python ina zana ya kushughulikia njia za faili, pathlib, iliyoingizwa ndani yake mwaka 2014. Ukiipa njia kamili na kuiomba ikutolee anwani, inakutolea. Ukiipa njia tegemezi inagoma papo hapo na kukuambia kwamba njia ya namna hiyo haiwezi kuandikwa kama anwani. Haikisii kwamba pengine ulimaanisha folda hii au ile. Nimekuwa nikiuheshimu mgomo huo kuliko mambo mengi ya maana ambayo zana hiyo inaweza kuyafanya. Sisi binadamu tukipewa nusu ya anwani huwa tunajazia wenyewe, tunaondoka kwa kujiamini, na saa nzima baadaye tunapiga simu tukiwa mtaa mwingine, Kayole.

Kanuni za ugeuzaji wenyewe zimeandikwa. Waraka uitwao RFC 3986, wa Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, uliotolewa Januari 2005, una sehemu nzima juu ya jambo hili, na kabla yake Fielding alikuwa amelieleza katika waraka wa mwaka 1995. Kwa ufupi, lazima pawe na anwani ya msingi. Unachukua msingi huo, unakata chochote kilicho baada ya mkwaju wa mwisho, unaunganisha njia yako tegemezi, kisha unafuta jozi za vitone viwili moja moja, kila jozi ikifuta folda iliyoitangulia. Kazi ya karani. Lakini angalia inavyoweza kugeuka. Msingi ukiwa `/dandora/phase4` na njia tegemezi ikiwa `kinyozi`, jibu ni `/dandora/kinyozi`. Msingi ukiwa `/dandora/phase4/`, yaani ule ule uliotiwa mkwaju mwishoni, jibu ni `/dandora/phase4/kinyozi`. Mkwaju mmoja umesahauliwa, kinyozi amehama mtaa.

Sababu yake si uchawi. Bila mkwaju, kompyuta inachukulia kwamba phase4 ni kitu kilichomo ndani ya Dandora, na kinyozi ni jirani yake. Ukiweka mkwaju, phase4 inakuwa mahali ambapo mtu anaweza kusimama ndani yake, na kinyozi yumo humo. Tofauti kati ya kukitazama kitu kwa nje na kuwa ndani yake imebebwa na alama moja ambayo macho huipita bila kuiona.

Dandora yenyewe ilianza kama anwani kamili. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Halmashauri ya Jiji la Nairobi zilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa viwanja vyenye huduma: si nyumba, ila ploti takriban 6,000 zilizopimwa, kila moja ikiwa na maji, bomba la maji taka, choo na bafu, na mwenyewe ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake. Kwenye ramani za wapimaji kila ploti ilikuwa na namba yake. Hata Phase 1 mpaka 5 ni hesabu ya ratiba ya ujenzi: hapa wataanza, hapa watafuatia. Wajenzi walishaondoka zamani, ratiba ikabaki kuwa jina la nyumbani.

Kisha watu wakajenga. Ploti iliyotarajiwa kuwa na vyumba vichache vya chini ikapanda ghorofa tatu, nne, tano. Penye familia moja na wapangaji wawili wakaingia watu wa kujaza basi. Namba ya ploti ikabaki kwenye barua ya ugawaji, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha mtu ambaye huenda siku hizi anaishi Kangundo. Mtaani hakuna anayeelekezwa kwa namba hiyo. Mtaani kuna kinyozi, kuna kanisa la Holy Cross, kuna uwanja wa michezo, kuna kwa fulani palipokuwa na posho mill.

Neno hilo, "palipokuwa", linastahili kuangaliwa. Nairobi imejaa alama zilizokufa zikaendelea kuelekeza watu. Odeon ilikuwa sinema, na leo makondakta wanaita Odeon kutwa kwa abiria ambao hawakuwahi kuona filamu hata moja pale. Alama ikishazoeleka haihitaji tena kile ilichokielekezea. Inatosha kwamba sote tunaitumia kwa namna moja.

Mtu wa mipango miji akisikia haya atasema: ndiyo maana tunahitaji anwani kamili, na maelekezo ya mtaani ni dalili ya umaskini. Nusu nakubaliana naye. Nyumba inapoungua, au mama anaposhikwa na uchungu saa nane za usiku, "geti ya pili baada ya kinyozi" ni msiba: kinyozi amefunga, taa hakuna, na dereva wa ambulensi hajawahi kukanyaga huko. Wanaousifia umaskini wa anwani kama utamaduni mtamu hawajawahi kusimama barabarani usiku wakipunga tochi ya simu ili gari liwaone.

Nusu ya pili simkubalii, kwa sababu naona ameichukulia anwani kamili kuwa ukweli usiotegemea chochote. Hakuna anwani ya namna hiyo. Chukua mfano ulio mdogo kuliko yote. Kuna kijana ametengeneza tovuti ya shule kwenye kompyuta yake, na humo mna picha ya wanafunzi. Njia tegemezi ni `picha/darasa la pili.jpg`. Programu inaigeuza iwe hivi:

`file:///C:/Users/Admin/Desktop/tovuti/picha/darasa%20la%20pili.jpg`

Inaonekana imekamilika kweli kweli. Mikwaju ya Windows iliyokuwa imelalia nyuma imegeuzwa ikalalia mbele. Nafasi kati ya maneno, ambazo haziruhusiwi kwenye anwani, zimekuwa `%20`. Lakini hebu itazame mikwaju mitatu ya mwanzo. Kwa nini mitatu? Miwili ya kwanza inatangaza kwamba linafuata jina la mashine, kama inavyokuwa kwenye anwani ya tovuti yoyote. Wa tatu unaanzisha njia. Kati ya wa pili na wa tatu ndipo jina la mashine linapokaa, na hapo pameachwa wazi. Kwa kanuni, uwazi huo maana yake ni mashine hii hii uliyo nayo.

Kwa hiyo anwani iliyoitwa kamili imebeba tumboni mwake neno "hapa", tena limeandikwa kwa kutoandikwa. Ukiinakili tovuti kwenye flashi na kuipeleka saiba ya jirani, picha haifunguki, kwa sababu "hapa" pa saiba si "hapa" pa yule kijana, na kwenye mashine ya saiba hakuna Admin mwenye folda ya tovuti kwenye Desktop yake. Ile njia tegemezi, iliyodharauliwa kwa kutokamilika, ingefunguka bila taabu, maana picha na ukurasa zilihama pamoja na bado zimekaa vile vile zilivyokuwa zimekaa.

Mwanafalsafa Leibniz angefurahi. Katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, alishikilia kwamba nafasi si chombo kikubwa kilichokuwapo kwanza ili vitu vije kuwekwa ndani. Nafasi ni mpangilio wa vitu vyenyewe, nani yuko karibu na nani. Mungu angeligeuza ulimwengu wote, mashariki ikawa magharibi, na kila kitu kikabaki na jirani yake, kusingekuwa na tofauti yoyote ya kusemwa. Newton alitaka pawe na mzizi wa kweli, usiosogea. Sijui fizikia ya kutosha kuwaamulia, na fizikia yenyewe imeendelea mbali tangu wakati wao. Ila katika anwani, Leibniz ameshinda.

Hata anwani za setilaiti haziponi. Longitudo huhesabiwa kutoka Greenwich kwa sababu mkutano wa Washington wa mwaka 1884 uliamua hivyo, si kwa sababu dunia ina mshono pale. Na mstari wa sifuri unaotumiwa na GPS siku hizi hauko hata kwenye ule mstari ambao watalii hupigia picha. Uko mita 102 hivi mashariki yake. Sifuri yenyewe ina maelekezo. Hili lisingetushangaza sisi tunaosema saa moja asubuhi wakati simu inasoma saba kamili. Tumeishi na misingi miwili maisha yetu yote na hakuna aliyechelewa kazini kwa ajili hiyo. Wanaochelewa wana sababu nyingine, kubwa ikiwa Barabara ya Juja.

Google ilipotoa mfumo wake wa Plus Code, kwa ajili ya sehemu kama Dandora zisizo na majina ya barabara wala namba za milango, ililazimika kuyakubali haya waziwazi. Majengo ya Bunge la Kenya yana msimbo kamili 6GCRPR6C+24. Herufi nne za mwanzo, 6GCR, ni mraba mkubwa wenye upana wa digrii moja ambamo Dandora nayo imo. Lakini aliye Nairobi haambiwi zote. Anaambiwa PR6C+24 Nairobi, na simu inajazia zilizobaki kwa kuwa inajua Nairobi iko wapi. Ni njia tegemezi na msingi wake, imerudi mlangoni ikiwa imevaa suti. Ukiondoa neno Nairobi, PR6C+24 ipo sehemu nyingi duniani, na nyingine huenda ni katikati ya bahari.

Ninaloliona mimi basi ni kwamba kugeuza njia tegemezi kuwa anwani kamili si kutoka kwenye mtazamo kwenda kwenye ukweli. Ni kuhamisha "hapa" kutoka kwa watu wachache kwenda kwa watu wengi. Kinyozi ni msingi unaojulikana na watu mia kadhaa. Nairobi unajulikana na mamilioni. Greenwich na kila mwenye simu. Kila ukipanda, wanaoweza kukufikia wanaongezeka, na wanaokujua wanapungua. Anwani timilifu kuliko zote katika nyumba ya Dandora ni namba ya mita ya stima. Mtu aliye Mombasa akiwa na namba hiyo anaweza kukununulia umeme, tokeni ya tarakimu 20 ikaja, na haitakubali kuingia kwenye mita nyingine yoyote ulimwenguni. Usahihi wa ajabu. Na mtu huyo hawezi kukutembelea.

Sasa linakuja swali lenye uchungu zaidi: nani anachagua msingi? Waraka wa 2005 umelipanga jibu kwa ngazi. Msingi uliotajwa ndani ya maandishi yenyewe ndio unaosikilizwa kwanza. Kama haukutajwa, unatafutwa kwenye kile kilichoyabeba maandishi. Kama haupo huko, inatumika anwani yalikochukuliwa. Yote yakishindikana, programu inaamua yenyewe ionavyo.

Na kwa binadamu je? Kijana aliyezaliwa Pumwani na kukulia Phase 3 anaenda kuchukua kitambulisho. Anaulizwa nyumbani ni wapi. Akisema Dandora, karani anatabasamu kwa huruma: hapana, nyumbani, nyumbani. Baba anatoka wapi? Kompyuta nazo huiita folda iliyo juu mzazi, na vitone viwili ndivyo vinavyokupandisha kwake. Babu je? Vitone viwili tena. Anapanda hivyo mpaka lokesheni ambayo ameiona mara chache kwenye mazishi, na hiyo ndiyo inaandikwa. Kadi zilizoanza kutolewa mwaka 1995 zilikuwa na wilaya, tarafa na lokesheni mgongoni. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, na anwani hiyo ya ukoo nayo ikawa ya muundo uliopitwa na wakati. Sheria ya intaneti ina huruma kidogo hapa. Ukipanda vitone vingi kupita mzizi, vya ziada vinatupwa na unabaki mzizini. Karani hana mzizi. Angeruhusiwa angeendelea kupanda tu.

Nchi za mbali nazo zina msingi wao wa kuipatia Dandora mahali duniani, na msingi huo ni jaa la taka. Lilianza kutumika miaka ya sabini kando ya Mto Nairobi, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kuja. Jaa ni la kweli na moshi wake unaingia madirishani. Ila mtaa wenye shule, makanisa, mafundi na mechi za Jumapili ukishaandikwa katika kila taarifa kuwa ni kitu kilicho kando ya jaa, umeshatafsiriwa na mtu mwingine akiwa amesimama kwake. Hiyo ndiyo ngazi ya nne: msingi haukutajwa, basi msomaji akajiwekea.

Kalamashaka, vijana wa Dandora, walilijibu hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na wimbo wao wa Tafsiri Hii, uliopigwa redioni nchi nzima. Hawakuanza kwa kumweleza msikilizaji wa Kisumu jinsi ya kufika Dandora. Walisimama kwao wakasema kutoka kwao, msingi ukiwa umo ndani ya maneno yenyewe, na msikilizaji ndiye aliyesogea. Ni ngazi ya kwanza ya waraka ambao ulikuwa bado haujaandikwa. Naamini maana ya maisha ya mtu hupatikana hivyo hivyo, kama inapatikana. Anayeitafuta kwa kupanda mpaka juu kabisa, asipobaki na jirani wala geti, atarudi na kitu kinachofanana na namba ya mita.

Mpango wa kitaifa wa anwani umezungumzwa kwa miaka mingi Kenya, na natumaini utafika mitaa kama Dandora, vibao vya namba vipigiliwe kwenye mageti. Waandishi wa programu makini wana desturi nzuri ambayo wapangaji wangeiazima: hawaitupi njia tegemezi baada ya kuigeuza. Wanaihifadhi, wanahifadhi na msingi kando yake, na kugeuza wanageuza pale tu inapohitajika kwenda nje. Fomu za kampuni za mizigo tayari zina nafasi ya "alama ya karibu", lakini nyingi zinakata maneno kabla hujafika kwenye geti. Mama wa Phase 4 anahitaji mistari mitatu, na wa kwanza kati yake ni wa kuuliza dereva anatokea wapi.